Jengo Lilikuwa Barabarani, Watoto Walikuwa Bondeni

Mwanangu Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya ghala, nimekalia kinu kilichopinduliwa, kwa sababu ndani hakuna pa kukaa. Mama yako na shangazi zako wanalikalia begi lako kwa zamu na bado halijafunga. Wamekutilia mchele, samaki wa kukausha, nazi sita na mkeka. Nimewaambia Dodoma kuna maduka, wakanitazama kama mtu aliyetukana mbele ya wageni. Basi nimetoka na peni yangu. Maagizo ya basi, ya baridi ya huko na ya kula vizuri umepewa tangu Jumatatu, na mimi sina la kuongeza.

Nataka nikwambie habari za ule msimu ulipokuwa darasa la pili. Wewe una kipande chako: unakumbuka dungu, unakumbuka ndege, unakumbuka mgongo ulivyokuuma kwa kumbeba mdogo wako Shabani. Mimi nina kipande changu, na sijawahi kukitoa mbele yako. Sasa unakwenda kukaa na watu wanaoandika mwongozo wa vituo vya kulelea watoto wadogo, wa nchi nzima. Nimeona si haki ukae nao bila kujua baba yako alifanya nini na kituo kimoja tu.

Nianze na ujinga wangu wa zamani. Ulipozaliwa pale hospitali ya Mchukwi nilifurahi, nikachinja mbuzi wa akika, halafu nikakukabidhi kwa mama yako, nikaona zamu yangu itafika ukishaota meno yote. Mama yako alikuwa akikuogesha anakusimulia: hili sikio, huu mkono, maji haya yametoka mtoni. Siku moja nikamuuliza, "Unaongea na nani?"

Akasema, "Na mwenye nyumba."

Nilicheka sana. Kwangu mimi mtoto mchanga alikuwa wa kulishwa na kufunikwa. Maneno yangeanza siku ya kupelekwa shule, mwalimu yupo kwa kazi hiyo. Baba yangu alinilea hivyo, naye alilelewa hivyo, na nilijiona sina kasoro.

Ulipokuwa na miaka saba mimi tayari nilikuwa mtendaji wa kijiji, nikaitwa semina ya siku tatu pale Kibiti mjini. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mcheshi aliyetembea na mdoli kwapani. Alitueleza mambo ambayo leo wewe unayajua kuliko mimi: kwamba ubongo wa mtoto hujengeka kwa kasi kubwa katika miaka ile ya mwanzo, kabla hajajua hata kushika kalamu, kwamba hujengeka kwa kuongeleshwa na kujibiwa, kwa kucheza, kwa kushiba, kwa kulala bila hofu. Akamshika yule mdoli akatuonyesha. Mtoto akitoa sauti, mjibu. Akitoa tena, mjibu tena. Akitoa sauti siku baada ya siku asipate wa kumjibu, mwisho hunyamaza, na wazazi humsifu kwamba ni mtulivu.

Niliandika yote kwa peni nyekundu. Lakini sisi watendaji, mwanangu, tuna ugonjwa wetu. Ukitutajia jambo lolote zuri, masikio yetu husikia "jengo".

Nikarudi kijijini na jengo kichwani. Watu wa kwetu wakikubali jambo hawana uvivu. Walifyatua tofali, wakasomba mchanga, na kabla mwaka haujaisha palikuwa na chumba kikubwa pembeni ya barabara, bati linang'aa, viti vidogo, ubao. Fundi rangi alichora tembo ukutani akatoka kama nguruwe anayenyonya mpira wa maji, na watoto walimpenda kuliko tembo wa kweli. Siku ya ufunguzi alikuja Bibi Pili, jirani yetu, aliyewabeba nusu ya watu wazima wa kijiji hiki mgongoni mwake. Akalizunguka jengo polepole, akaniuliza, "Mtendaji, hili litahamia lini bondeni?"

Nikamwambia, "Bibi, jengo halihami."

Akasema, "Haya."

Ile "haya" ya Bibi Pili ningeisikiliza vizuri, leo ningekuwa na kurasa chache za kukuandikia.

Wewe unajua, ila wengi utakaokaa nao hawajui: mpunga ukianza kutoa masuke, kijiji chetu huhama. Watu huvuka mto, huishi juu ya madungu yao, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya shamba, wanaamia mpunga, yaani kufukuza waharibifu, mchana ndege na ngedere, usiku nguruwe na viboko. Wanaobaki kijijini ni wagonjwa, mbuzi na mtendaji. Wiki mbili za kwanza kituo kilijaa vicheko. Wiki ya tatu walikuja watoto wanne. Wiki ya nne mlezi alifagia chumba kitupu, akafunga, akaja ofisini kunirudishia ufunguo. "Na mimi nina mpunga," akasema, akaondoka.

Ndipo ikaja taarifa kwamba wakubwa wa wilayani wanakuja kukiona kituo.

Hapo nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka natazama chini hata nikiwa peke yangu. Nilikwenda kijiji cha pili, ambako watu wana maduka na hawahami, nikaazima watoto. Ndiyo, niliazima, kama mtu anavyoazima masufuria ya shughuli. Nikanunua biskuti, nikawapanga kwenye viti. Wageni walipofika watoto wakaimba vizuri mno. Mmoja tu alinyoosha mkono akauliza, "Sisi tunarudi kwetu saa ngapi?" Afisa aliyeongoza msafara, kijana mrefu mwenye viatu vya kung'aa, akacheka, akasema huyu kamkumbuka mama yake. Nami nikacheka, jasho linanitiririka mgongoni.

Taarifa ikaandikwa, ikasifu. Baada ya muda nikasikia kwamba vijiji vitatu vya bondeni, vyote vya watu wanaohama kama sisi, vimeambiwa vijenge kama chetu, mahali pale pale, barabarani. Nilitembea kifua mbele kama jogoo wa kijiji kizima. Sikufikiri hata mara moja kwamba watu wa vijiji vile watafyatua tofali kwa ajili ya uongo wangu.

Na wewe ulikuwa wapi? Mama yako alikuwa ameniomba uende naye bondeni siku chache, umshikie Shabani aliyekuwa na mwaka na nusu, wakati yeye anafukuza ndege. Nikasema siku chache si neno. Kisha nikasahau. Kila Ijumaa jioni nilikuja na sukari na sabuni, nakukuta umembeba mdogo wako, unampepea, naona raha, nakuita mama mdogo. Jumamosi narudi ofisini. Siku chache zilifika wiki tisa, Mwanaidi, na mimi sikuhesabu.

Mwalimu mkuu alihesabu. Aliniletea orodha ya watoto wa darasa la kwanza na la pili waliotoroka shule, akaniomba niwaseme wazazi wao kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilifurahi sana kupewa kazi hiyo. Siku ya mkutano watu walivuka mto wakaja, wamechoka, macho mekundu kwa kukesha na nguruwe. Nikasimama na shati langu jeupe nikawahutubia kuhusu ubongo wa mtoto. Nikasema mzazi asiyejali elimu ni adui wa mwanawe. Nikafungua orodha nikaanza kusoma majina, moja moja, kwa sauti ya kusomea barua za serikali.

Jina la sita lilikuwa Mwanaidi Saidi.

Nililisoma lote kabla sijalielewa. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma. Nikakwama hapo hapo. Kisha Bibi Pili, kutoka kule waliko kina mama, akasema kwa upole, "Endelea, Mtendaji. Mbona umemeza?"

Wakacheka, mwanangu. Walicheka mpaka wengine wakalazimika kukaa chini. Na ajabu yake hawakucheka kwa chuki; walicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Mzee mmoja akapaza sauti, "Adui wa mwanawe asimame tumwone!" Nikasimama, maana nilikuwa nimesimama tayari. Nikakunja ile karatasi nikaitia mfukoni, nikasema mkutano umefungwa.

Kesho yake alfajiri nilivuka mto. Mama yako aliponiona akashusha debe alilokuwa akilipiga, akasema, "Kulikoni, Baba Mwanaidi? Leo Jumanne."

"Nimekuja kushinda," nikamjibu.

Nikapanda dunguni. Shabani alikuwa amefungwa kanga kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo, asianguke. Wewe ulikuwa umeshuka kuchota maji. Nikakaa naye. Alinitazama, akatazama pembeni. Hakulia, hakuita, hakunyoosha mikono. Nilikuwa nimewasifia watu wengi jinsi mwanangu alivyo mtulivu. Pale juu, upepo unapita, nikayasikia maneno ya mkufunzi wa mdoli waziwazi, yale niliyoyaandika kwa peni nyekundu na kuyapiga mstari chini. Mama yako alikuwa akipiga debe tangu kuche. Wewe, mtoto wa miaka minane, ulikuwa unapika, unachota maji, unafua. Nani angemjibu?

Ukarudi na ndoo, ukanipa shikamoo. Halafu ukaniuliza, "Baba, darasani wamefika wapi?"

Nikajifanya nimeona ngedere.

Nikaamua kuongea na Shabani, kumbe sijui mtu anaongea nini na mtoto mdogo. Nilikuwa sijawahi. Nikakohoa, nikasema, "Ndugu Shabani, hali ya ulinzi wa mpunga hadi sasa ni ya kuridhisha." Mama yako kule chini aliacha ndege wale watakavyo, alicheka akashika mbavu. Wewe ukapanda, ukakaa karibu yangu, ukanifundisha kwa uvumilivu ambao mimi sijawahi kuwa nao kwa mtu yeyote.

"Siyo hivyo, baba. Mwonyeshe kitu. Sasa nyamaza kidogo, mngoje ajibu."

"Hajui kusema, atajibuje?"

"Mngoje tu."

Nikamwonyesha kunguru. Nikanyamaza. Nilingoja mpaka nikaona aibu. Halafu akainua kidole, akasema "ka". Nami nikasema "ka". Akanigeukia, akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akasema tena kwa nguvu zaidi, "Ka!" Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, sijawahi kuwa na kikao kilichonifurahisha kama kile.

Alasiri nikamwendea Bibi Pili kwenye dungu lake, nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza kabla ya tofali la kwanza: nyinyi mngetaka watoto walelewe vipi? Akaita kina mama wa mashamba ya jirani. Kumbe jibu walikuwa nalo siku zote. Wajengewe banda pana la makuti pale mwinuko, mbali na maji; kila siku wawili wabaki na watoto, wengine wawaamie mashamba yao. Nikatoa daftari nichore ratiba. Nilipomaliza, Bibi Pili akaigeuza juu chini, akasema yeye hasomi, na kwamba zamu itafuata mashamba yalivyopangana kando ya mto, maana shamba halisahauliki. Ratiba yangu ikawashia jiko.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza waligombana juu ya nani kachelewa kurudi, na ngedere walipata karamu kwenye shamba la mtu. Lakini banda likasimama. Asubuhi watoto walicheza kwa vifuu na maganda ya mabuyu, wakaimbiwa, wakahadithiwa, wakala uji pamoja. Mlezi wa kile kituo chetu akavukisha viti vidogo kwa mtumbwi. Tembo tu ndiye aliyebaki barabarani. Na wewe Jumatatu iliyofuata ulirudi darasani, ukakaa nyuma ya wenzako kwa masomo mwaka mzima. Hilo sikuweza kulirekebisha.

Likabaki la kwenda wilayani kusema ukweli. Siku tatu nilitafuta njia ya kulikwepa. Nilijiambia watu wa vijiji vile vitatu watagundua wenyewe, jengo halina hasara. Mama yako ndiye aliyenitoa. Hakunisema sana. Aliniambia, "Huko wanapojenga kuna mtoto amefungwa kwenye nguzo." Nikavaa, nikaenda.

Yule afisa wa viatu alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza watoto wa kuazima, biskuti, kila kitu. Akavua miwani. "Saidi, unajua unachokisema? Taarifa ile imeshapanda juu na jina langu chini yake."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja na nauli yako. Twende ukaandike nyingine."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake akauliza kama mtumbwi una maji ndani. Siku ya pili tukavuka, amevua vile viatu amevikumbatia. Akakaa bandani asubuhi nzima. Mtoto mmoja wa kike akampandia mapajani bila kuomba ruhusa, akalala, na afisa hakuthubutu kuondoka mpaka mtoto alipoamka mwenyewe. Hapo ndipo aliponiambia, "Tulitumwa kuhesabu majengo. Hakuna aliyetutuma kuuliza watoto wako wapi."

Akaandika upya. Vijiji viwili vilikuwa havijaanza kujenga, vikaambiwa vipange malezi kwa kufuata msimu: barabarani wakati watu wako nyumbani, bondeni wakati wa mpunga. Cha tatu kilishapaua bati, nami nilikwenda kuwaomba radhi kwenye mkutano wao, wakanipa maneno niliyostahili, kisha wakanipa chakula. Mimi nikapata barua ya onyo kali. Mama yako anaitunza sandukuni pamoja na cheti cha ndoa; anasema ni karatasi mbili za maana nilizowahi kuleta nyumbani.

Shabani, kama unavyojua, alichelewa kusema, alikaribia miaka mitatu. Sasa hivi namsikia dirishani anawafundisha shangazi zako jinsi ya kufunga begi, na hakuna anayeweza kumnyamazisha. Sisemi ni kwa sababu yangu. Alikuwa na dada, alikuwa na Bibi Pili, Mungu amrehemu. Mimi nilifika nimechelewa, ila nilifika.

Mwanangu, sayansi ya yule mama wa mdoli haikuwa na kosa hata chembe. Kosa lilitokea njiani, kati ya Kibiti na bondeni, na aliyeibeba njiani ni mimi. Nilipewa habari za mtoto nikazigeuza bati na tofali, kwa sababu bati linapigika picha. Utakutana na watu kama mimi, wengi, na si wabaya. Wengine watakuonyesha vituo vilivyojaa. Uwe unauliza kwa upole wale watoto wanarudi kwao saa ngapi. Na siku utakayogundua kwamba uliyekosea ni wewe, na kosa limeshapanda juu na jina lako chini yake, nenda ukaseme mapema, kabla watu hawajafyatua tofali. Inauma siku moja. Ya kwangu iliuma kama siku nne, kwa sababu ya zile tatu za kukwepa.

Nimebakiza neno moja, nalo ndilo lililonikalisha huku nyuma. Katika mkutano uliofuata niliwaomba radhi wanakijiji. Kile kijiji kilichopaua bati nilikiomba radhi. Afisa nilimwomba radhi, mama yako nilimwomba radhi. Wewe uliyekosa shule wiki tisa, uliyemfundisha baba yako kuongea na mwanawe, sikukuomba. Ulikuwa mtoto, nikaona utasahau, na mtoto haombwi radhi. Huo nao ulikuwa ujinga, tena mkubwa kuliko jengo.

Nisamehe, Mwanaidi.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu juzi. Kila nikianza, naishia kukuuliza kama umechaji simu. Basi nimeandika. Usinijibu kwa simu, maana mama yako huweka sauti kubwa jirani wote wasikie. Nitakutilia barua hii katikati ya mkeka, ambapo hakuna atakayeifungua isipokuwa mtu anayetandika pa kulala kwake mwenyewe.

Baba yako,
Saidi